Injini Chini ya Gunia

Juzi kijana mmoja wa hapa Kawangware alinijia mbio na simu mkononi. Alikuwa amepiga picha injini kuukuu aliyoikuta kwa wauza vyuma chakavu, akataka nimwambie ilitoka kwenye gari gani. Nikavaa miwani, nikavua miwani, nikamrudishia simu yake. Nilimwambia picha haina mgongo. Nilitaka kujua upande wa pili wa injini ile kuna nini, na kidole kikiingizwa kwenye tundu la plagi kinafika wapi. Akanionea huruma, nikamwona kabisa.

"Si u-zoom tu, shosho," akasema, kama mjukuu anayemfundisha bibi kukuza picha.

Nime-zoom maisha yangu yote, vijana, ila kwa vidole. Na kwa kuwa mmezidi kuniuliza habari za injini za zamani, hasa zile za silinda nne zilizojaa Nairobi hii nikiwa msichana wa kuolewa juzi, nitawasimulia. Msinidai mpangilio. Mimi nilikuwa nikikata gasketi, sikuwa karani.

Kwa wale waliozaliwa wakati wa gundi ya tyubu, gasketi ni ile karatasi nene, au koki kama ya kizibo cha chupa, au bati laini, inayokaa kati ya chuma na chuma ili mafuta yasitoke na maji yasipite yasikotakiwa. Siku hizi fundi anakamua tyubu kama anayepaka keki sukari, anabana nati, anaenda kula. Sisi tulikaa na nyundo. Ndiyo maana watu wazima wa Kabiro, mtaa wetu huu wa Kawangware, hadi leo wananiita Mama Gasketi, ingawa jina nililopewa kwetu ziwani ni Akinyi.

Kabla ya hapo niliitwa Mama Uji. Nilikuwa nikipanga chumba Kianda, kule Kibera, na mume wangu alikuwa akienda viwandani kila asubuhi kusimama langoni na kungoja kuitwa. Mimi nilipika uji wa wimbi, nikaujaza ndooni, nikajitwika, nikavuka Ngong Road kwa miguu mpaka Kawangware. Mtu akiniuliza kwa nini sikuuzia uji Kibera, namwambia Kibera kila mwanamke alikuwa na ndoo. Kabiro kulikuwa na kiwanja cha mafundi wa magari, wanaume wenye njaa, wasio na mke karibu. Uji uliisha kabla haujapoa.

Kiwanja kile kilikuwa ploti ya kina Njoroge, watu wa pale tangu zamani. Njoroge mwenyewe alikuwa fundi, tena fundi mkali, na kwa kuwa ardhi ni ya baba yake, yeye ndiye aliyekuwa akisema nani akae wapi. Mtu mwema, lakini uso wake haukupata habari hiyo. Getini kabisa, mahali ambapo kila mteja lazima apite, palikuwa na meza ya mzee Were, mkata gasketi. Mzee huyu alitoka Butere, mwembamba, mwenye koti la kijivu alilovaa jua likiwaka na mvua ikinyesha. Nilikuwa natua ndoo yangu karibu na meza yake kwa sababu ya kivuli cha paa lake la mabati. Hivyo ndivyo nilivyoingia kazini. Sikuitwa na moyo wala ndoto, niliitwa na kivuli.

Mzee Were alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wateja. Mtu akija akasema anataka gasketi ya Anglia, mzee hamjibu. Anamuuliza, gari ni Anglia, sawa, na injini ni ya nani? Mteja anakasirika. Lakini mzee alikuwa na haki. Miaka ile ya sabini gari lilibeba jina la bodi yake tu. Injini ikifa, mwenyewe alitafuta nyingine yoyote inayokubali kuingia, fundi akachomelea vishikio, na safari ikaendelea. Unafungua boneti ya Anglia unakuta Kotina imejikunja mle ndani kama mgeni aliyelala kwa kochi. Ukimpa mtu huyo gasketi ya Anglia, utaonana naye tena jioni akiwa amevutwa kwa kamba.

Kwa hiyo kwanza ujue injini. Nami mzee alinifundisha kwa sababu nilikuwa pale, na kwa sababu, nadhani, alichoka kuongea na watu wanaojua kila kitu.

Alianza na gari liitwalo Moris Maina. Alinipa kichwa cha injini yake nikikalie kama stuli, kisha akaniambia niinuke nihesabu matundu ya pembeni. Ina silinda nne, kwa hiyo nilitarajia matundu manne ya kuingizia mchanganyiko wa petroli na hewa, na manne ya kutolea moshi. Nikahesabu mara mbili. Matano tu. Silinda za Moris zinashirikiana milango kama wapangaji wa ploti moja: matundu mawili ya kuingilia, matatu ya kutokea moshi, yote upande mmoja. Hakuna nyingine kiwanjani iliyokuwa hivyo. Ukipapasa ukapata vidole vitatu vya bomba la moshi, usihangaike, hiyo ni Moris.

Na mjue sikulielewa somo siku hiyo hiyo. Gasketi yangu ya kwanza ya manifoldi ya Moris, yaani ya hayo matundu ya pembeni, niliikata kwa kichwa changu, nikaweka matundu manane, mazuri, ya mviringo, yamepangwa vizuri. Mzee akaishika akaizungusha. Akaniuliza kama hiyo ni gasketi au nimemletea kichujio cha chai. Ilining'inia ukutani mwa kibanda chake muda mrefu, na kila fundi mpya alionyeshwa.

Kotina ilikuwa na matundu manane kweli, manne na manne. Lakini Kotina nazo ni mbili. Zile za mwanzo, kuingilia na kutokea ni upande mmoja. Za baadaye, kabureta iko upande huu na bomba la moshi liko upande ule, mchanganyiko unaingia huku moshi unatokea kule. Ukikipata kichwa chake kikiwa kimefunguliwa, kipapase chini. Cha zamani kina vishimo ambamo moto huwakia. Cha baadaye ni bapa kama meza, kwa sababu kishimo kimehamia kwenye pistoni. Mafundi wengi walikuwa wakichanganya hizo mbili, wananunua gasketi ya kichwa mara mbili na kumlaumu muuzaji.

Halafu sumaku. Mzee alikuwa na sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Aliibandika kwenye kichwa cha injini. Ikishika, chuma: Moris, Anglia, Kotina. Ikianguka, alumini: Datsun, Korola, Pijo. Jambo dogo, lakini liliokoa maneno mengi. Korola na Pijo 404 mnazitenganisha kwa kulala kwao. Datsun husimama wima ndani ya gari, hizi mbili hazisimami. Korola imeinama kidogo tu, kama mtu anayesikiliza umbea. Pijo imeegemea kabisa. Na kama bado una shaka, tafuta plagi. Za Korola, kama za Datsun, ziko ubavuni, unaziona. Za Pijo zimezama juu katikati ya kichwa, kila moja ndani ya kisima chake, na plagi ikitolewa kidole kinapotea.

Na kobe, ile foksi au Volkswagen ya mgongo wa mviringo, injini iko nyuma, haina rejeta, haina maji, silinda zimelala mbili huku mbili kule. Hii hata mtoto aliijua kwa sauti ikiwa bado kona ya mbali. Mimi sikuipenda kwa sababu za biashara. Haina gasketi ya pampu ya maji, kwa kuwa haina maji. Mwenye kobe alinunua koki mbili za vifuniko vya valvu, akaenda zake, tukaonana mwaka mwingine.

Kukata kwenyewe ni rahisi kueleza. Unaweka karatasi juu ya chuma. Unaanza na matundu ya bolti, kila tundu ukilipata unatumbukiza bolti yake ili karatasi isitembee. Kisha unagonga pembeni taratibu kwa nyundo yenye kichwa cha mviringo. Nyundo haikati. Makali ya chuma ndiyo yanayokata, nyundo inaikumbusha karatasi tu mahali pa kupita. Ukigonga kwa hasira unapata karatasi iliyochanika na fundi aliyenuna.

Basi hapo kiwanjani kulikuwa na mchezo. Kila Jumamosi mchana, kazi ikipungua, mafundi waliweka injini katikati juu ya matairi na kuifunika gunia la sukari. Mtu anaingiza mikono chini ya gunia, anapapasa, anataja. Akikosa anachekwa hadi Jumatatu. Fundi mgeni hakupewa nafasi ya kufanyia kazi mpaka amepita gunia. Ilikuwa sheria yao, ingawa hakuna aliyekumbuka nani aliianzisha. Mzee Were alikuwa hajawahi kukosa. Wenzake walikuwa wakimchokoza wakamfunikia sanduku la gia, yeye anapapasa kidogo, anauliza nani amekufa akaacha gia zake hapa.

Wanawake hawakucheza. Mimi niligawa uji nikatazama.

Sasa nawaambia jambo ambalo nililijua kabla ya wengine. Mwaka mmoja, baada ya mvua kubwa, mzee alianza kulalamika kwamba kuna vumbi. Mvua imenyesha wiki nzima, tope limefika kwenye vifundo vya miguu, yeye anasema leo kuna vumbi. Alinyoosha mkono kupokea kikombe cha uji, mkono ukapita pembeni. Aliniomba nimsomee maandishi ya paketi, kisha akajitia kucheka kwamba walioandika ni wavivu. Nikaelewa. Mzee macho yalikuwa yanamwacha. Sikumwuliza, naye hakusema. Nilianza tu kumwekea kikombe mkononi badala ya mezani, na nyundo upande uleule kila asubuhi.

Kazi yake haikuyumba, kwa sababu tangu zamani alikuwa akikata kwa kupapasa. Iliyumba mara moja. Fundi mmoja alileta pampu ya maji ya Datsun, mzee akamkatia gasketi, safi, kila bolti mahali pake. Gari likapanda mlima wa kuelekea Dagoretti likachemka mpaka boneti ikatoa moshi. Walipofungua, tundu moja la maji halikukatwa. Karatasi ilikuwa imeliziba.

Njoroge alikuja na ile gasketi mkononi. Hakupiga kelele, na hilo lilinitia hofu zaidi. Alisema mbele ya watu wote kwamba mteja yule ni wake, na hatarudi. Alisema ana binamu yake anayejua kukata, tena kijana mwenye macho yake. Mzee akajibu kwamba hata yeye anayo.

"Basi Jumamosi tutajua," Njoroge akasema. "Nitaweka engine moja hapo katikati. Wewe simama hapo kwa gate, uangalie, utuambie ni gani. Bila gunia."

Mafundi wengine wakacheka wakidhani amerahisisha. Bila gunia, nani atashindwa? Mimi na mzee hatukucheka. Mzee alirudi mezani akakaa, akapangusa nyundo yake ambayo haikuwa na uchafu wowote. Kama angeondolewa getini, asingekuwa na pa kwenda. Alilala ndani ya kile kibanda. Butere walikuwa wakingoja kitu kidogo kutoka kwake kila mara, na hapakuwa na kiwanja kingine ambacho kingemchukua mkata gasketi asiyeona. Nilirudi Kianda siku hiyo nikiwa nimekasirika kiasi kwamba niliunguza ugali.

Jumamosi ikafika. Wote walikuwa wamejipanga, hata wapaka rangi wa ploti ya jirani walikuja. Injini ilikuwa juu ya matairi, uchi. Mzee akasimama getini ndani ya koti lake la kijivu. Niliitazama ile injini nikataka kulia, maana Njoroge alikuwa amechagua rahisi kuliko zote. Hakuwa na haja ya kumtega kwa ngumu. Alitaka tu kujua kama mzee anaona kitu kilicho mbele ya kila mtu.

Mzee aliinua kidevu, akatega sikio. Kisha akatembea, taratibu, akifuata sauti za watu, mpaka goti lake likagusa tairi. Akavua koti, akalitandaza juu ya injini, akaingiza mikono chini yake.

"Mzee, tulisema bila gunia," Njoroge akasema.

"Na gunia iko wapi? Hii ni koti yangu," mzee akasema. "Mimi sijazoea kuangalia engine ikiwa uchi. Nina heshima yangu."

Kiwanja kizima kikaangua kicheko. Hata Njoroge mdomo ulimchezacheza. Na watu wakishacheka hivyo, huwezi tena kumnyang'anya mtu koti. Mzee akapapasa, na mimi nikawa nahesabu naye moyoni: vidole vitatu vya moshi, viwili vya kuingilia, upande mmoja. Akainua kichwa.

"Moris Maina."

Wakapiga makofi. Nilishika upawa wangu nikamshukuru Mungu. Lakini Njoroge hakuondoka.

"Sawa," akasema. "Na rangi?"

Mzee akatabasamu. Injini za Moris zilitoka kiwandani zikiwa za kijani, kila mtu aliyezishika alilijua hilo. "Kijani," akasema. "Moris zote ni kijani."

Makofi yakakatika. Mafundi wakaanza kutazama viatu vyao. Injini ile ilikuwa nyekundu. Njoroge aliipaka asubuhi, na vidole vyake vilikuwa bado vina wekundu uleule. Mzee akasikia ule ukimya, akaelewa. Akatoa mikono chini ya koti akavinusa vidole.

"Umeipaka," akasema.

"Nimeipaka."

"Harufu nilisikia. Nilifikiria ni hawa majirani." Akajipangusa kwenye suruali. "Basi sioni, Njoroge. Tangu ile mvua. Mwanga naona, mtu akipita naona. Rangi sioni. Na ile shimo ya Datsun ilikuwa imejaa kutu, kidole yangu ikapita juu yake. Macho ingeona ile duara ya kutu. Ni haki yako kukasirika."

Niliona uchungu ambao sijui niueleze vipi. Si kwa sababu alishindwa. Ni kwa jinsi alivyosema polepole, mbele ya watu aliowafundisha nusu ya wanachokijua. Na Njoroge, nilimwona, hakufurahi. Alikuwa amepata alichokuwa akitafuta na sasa hakujua akiweke wapi.

Sikumbuki nikiamua kusimama. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimesimama, na upawa ulikuwa unadondosha uji kwenye kiatu cha mtu.

"Macho iko," nikasema. "Mimi nitamwangalilia."

Njoroge akageuka. Aliniuliza kama najua injini au najua sukari. Nikamwambia uji wangu hajawahi kuulalamikia na injini hajawahi kuniuliza. Watu wakaguna. Akanitazama, akamtazama mzee, kisha akaita gunia lililetwe. Alisema kama ninataka kukaa kwa meza ile nitapita palepale kila mtu alipopita, na nikikosa, meza inaenda kwa binamu yake leo leo, na hataki kusikia neno tena.

Walinigeuza nikatazama barabara huku nyuma yangu vyuma vikiburutwa. Waliponigeuza tena, gunia lilikuwa limefunika kitu. Nikapiga magoti, nikaingiza mikono.

Sumaku kwanza. Mzee aliniwekea kiganjani. Ikaanguka. Alumini. Kwa hiyo Datsun, Korola, Pijo. Nikatafuta kulala kwake, na hapo nikapotea kabisa, kwa maana injini ikiwa juu ya matairi inalala inavyotaka. Hata Moris ukiiegemeza itaegemea. Nilikuwa nimejifunza kutambua kulala ndani ya gari, na gari halikuwepo. Jasho likanitoka. Nilisikia mtu akicheka pembeni akisema mama anatafuta sukari. Nikapapasa ubavuni kutafuta plagi. Sikupata. Nikapanda juu, polepole, nikapata tundu, nikaingiza kidole. Kikaenda. Kikaendelea kwenda. Kikafika mwisho wa kidole na bado hakijagusa chini.

"Pijo," nikasema.

"Ya ngapi?" Njoroge akauliza.

"Four-o-four. Na mnisaidie kutoa kidole."

Kweli kilikuwa kimekwama. Walicheka hadi wengine wakakaa chini. Njoroge mwenyewe ndiye aliyeondoa gunia, akanipaka grisi, akakivuta kidole changu akiwa ameuma midomo asicheke. Kisha akaokota koti la mzee pale kwenye Moris. Bitana yake yote ilikuwa na mistari myekundu. Akalikung'uta kana kwamba wekundu ni vumbi, akamvisha mzee mabegani.

"Meza ikae," akasema. "Lakini mzee asikate bila huyu kuangalia. Na huyu asikate bila mzee kushika."

Ndivyo tulivyofanya kazi tangu hapo. Mimi nilitazama chuma nikasema nilichokiona: kutu hapa, ufa pale, tundu limezibwa. Yeye alipapasa akasema alichokihisi, maana kuna mikunjo ya chuma ambayo jicho haliioni na kidole kinaikamata. Hakuna gasketi iliyotoka mezani bila kupita kwa wote wawili. Mara nyingi tulibishana. Mteja akisubiri, sisi tunazozana juu ya kitundu kidogo kama mtu na mkewe. Lakini hakuna gari letu lililochemka tena kwa sababu ya karatasi. Uji nilimwachia dada mmoja wa Kibera, na yeye akauharibu kwa maji mengi, lakini hiyo si hadithi ya leo.

Ilimbakia mzee desturi moja kutokana na ile Jumamosi. Kila injini, kila gari, akishaipapasa na kuitaja, aligeuka upande wangu na kuuliza, "Na rangi, Akinyi?" Nikamwambia. Bluu. Krimu. Nyekundu iliyochujuka. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeongezewa sukari. Mwanzoni nilidhani anamtania Njoroge. Baadaye nikajua alitaka tu kujua. Wakati mwingine Njoroge alipita akasikia swali hilo, akaharakisha mwendo.

Miaka ilikwenda hivyo. Mwishowe magoti yalimchosha kuliko macho, na wapwa zake wakaja kumchukua arudi Butere. Walikodi Pijo ya abiria, ikaingia mpaka getini. Mafundi waliacha spana chini wakaja wote, na yeye akatoka kibandani ndani ya lile koti lenye mistari myekundu, ambayo hakuna sabuni iliyoiweza. Mizigo yake ilikuwa michache. Nyundo aliiacha mezani upande uleule wa kila asubuhi.

Hakutaka kupanda mara moja. Alimwomba dereva afungue boneti. Akaingiza mikono, injini bado ya moto, akapapasa kwa haraka kama anayesalimia watu wengi.

"Pijo," akasema. "Na bado imeegemea, kama mimi."

Kisha akageuka upande wangu, akafungua mdomo kuuliza swali lake, akasita. Akainua mkono.

"Ngoja, Akinyi. Leo usiniambie. Leo naona mwenyewe." Akakaza macho kwenye bodi ya gari, akainamisha kichwa kidogo. "Hii ni nyeupe."

Gari lilikuwa la kijani. Kijani cha sukuma wiki iliyotoka shambani, hakuna kijani kuliko hicho. Mafundi waliangalia viatu vyao, kama siku ile. Ndipo Njoroge akapita katikati yetu akijipangusa mikono kwa kitambaa, akafunga boneti taratibu, akamshika mzee kiwiko na kumwelekeza mlangoni.

"Nyeupe, mzee," akasema. "Umepata."

Mzee Were akacheka, akapanda. Ile Pijo ya kijani ikarudi nyuma, ikageuka, ikashika barabara, nasi tukasimama getini tukiipungia mikono mpaka ikapotea.